Chapa ya Kidoti

Jioni ile nilikuwa napeleka muhuri tu. Kazi ya kwenda na kurudi, niwahi kupika.

"Dada, na tumbo hilo unakwenda wapi tena?" mdogo wangu aliniuliza, amepiga magoti anapanga nguo kwenye sanduku. "Utajifungulia njiani, mtoto tumwite Barabara."

"Wewe panga nguo zako. Kesho usije kusema umesahau viatu."

Alicheka. Kesho yake alikuwa anakwenda chuo cha uuguzi, mbali. Nimemlea tangu wazazi wetu walipotutoka, na mimi ndiye niliyemwita Kidoti, kwa sababu ya alama aliyozaliwa nayo chini ya sikio, iliyokaa kama unyayo wa ndege. Nilimpenda kuliko nafsi yangu. Hilo silifichi.

Kazi yangu ni kuchora nembo. Mteja wangu alikuwa fundi wa mikoba na mikanda ya ngozi, mwanamke mpole aliyefanya kazi peke yake kwenye karakana aliyoachiwa na baba yake. Nilimchorea kichwa cha ng'ombe, akakataa. Nikamchorea sindano na uzi, akakataa.

"Hizi ni za kila mtu," alisema kwa sauti ya chini. "Nichoree kitu unachokipenda. Chenye uhai."

Sasa mchoraji akiishiwa, huchora kilicho mbele ya macho yake. Mbele ya macho yangu alikuwa Kidoti, anaosha vyombo, nywele kazibana juu. Nikaichora ile alama. Fundi alipoiona aliishika karatasi kwa mikono miwili, akalia. Nikajua hapo nimepatia. Nikaenda kwa mchomeleaji, akanitengenezea muhuri wa chuma.

Jioni ile nilipoupeleka, fundi alinifungulia mlango nusu, kama kawaida yake. Sikuwahi kumwona akivuka kizingiti kile. Hata mkate aliletewa na jirani. Nilidhani ni mtu wa kupenda kwake tu.

Aliuweka muhuri kwenye jiko la mkaa. Tukasubiri. Chuma kilipoiva, akachukua kipande cha ngozi cha kujaribia, akakandamiza.

Tsssss...

Ngozi ya mikoba ikichomwa, hunuka ngozi. Ile ilinuka nywele. Nywele za mtu... na mafuta ya nazi.

Mafuta anayopaka Kidoti.

Simu yangu ikalia.

"Dada..." Alikuwa yeye, anahema. "Shingo yangu... inaungua."

Nilimgeukia fundi. Alikuwa anafungua kitambaa alichozungushia mkono siku zote. Chini yake, juu kidogo ya kiganja, palikuwa na alama ya mwezi mchanga. Mwezi ule ule uliochongwa juu ya mlango, nembo ya zamani ya karakana.

"Acha," nilinong'ona. "Nakuomba, acha."

"Chapa ya moto haifutiki, mama, mpaka ipatikane nyingine. Baba yangu naye alitafuta nembo. Naye alinipenda." Alishusha pumzi. "Ngozi ikishapigwa chapa, ina mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Aliangalia ukuta wa nyuma, ngozi zilikoning'inia gizani. Moja ilitikisika. Hapakuwa na upepo.

"Sijawahi kumwona. Namsikia tu, akipapasa ngozi zake."

Mwezi mkononi mwake ulianza kufifia huku natazama, kama maji yanavyokauka sakafuni. Alisogea hadi mlangoni. Akatoa mguu mmoja nje, polepole... kisha wa pili.

"Nisamehe," alisema. Hakugeuka nyuma.

Niliuchukua muhuri kwa koleo, nikautumbukiza kwenye shimo la choo, nikakimbia nyumbani na tumbo langu. Sanduku la Kidoti lilikuwa limefungwa, viatu vimewekwa juu yake. Mwenyewe hayupo.

Nilimkuta karakana. Njia ni moja tu, na sikupishana naye.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda cha fundi, anashona mkanda. Mtu ambaye hata kifungo cha shati nilikuwa namshonea mimi. Kwenye jiko niliona muhuri ule ule niliotumbukiza chooni, mwekundu kwa moto.

"Funga mlango, dada," alisema. "Vumbi linaingia."

Nilimvuta. Alipofika kizingitini miguu iliganda, akalia kwa uchungu mpaka nikamwachia. Nimeleta wa kuomba, nimeleta wa kufukiza. Walifika mlangoni, wakanusa, wakageuza. Kovu la goti langu mwenyewe nalo nimelichora, nikalitengenezea muhuri. Ngozi haikushika. Inavyoelekea, mtu hawezi kujitoa. Hutolewa na anayempenda.

Mikoba ya Kidoti imependwa kupita kiasi. Kila nikitoka naiona mabegani mwa watu, na wengine wananisimamisha kunisifia nembo. Nawashukuru. Nifanye nini?

Jioni nampelekea chakula. Sanduku lake bado liko pale pale, viatu juu, sithubutu kulifungua. Jana alikula kidogo tu, akafuta mikono, akaniwekea kiganja tumboni. Kilikuwa kikavu, kigumu kama soli.

"Nembo hii imenichosha, dada," alinong'ona. "Nichoree nyingine."

Mtoto akacheza, pale pale chini ya kiganja chake, naye Kidoti akatabasamu kama zamani.

"Akizaliwa, mkague vizuri. Pengine naye ana alama."

Kwenye ukuta wa nyuma, kitu kilipapasa ngozi. Taratibu. Kikatulia, kama kinachosikiliza.

Nilirudi nyumbani, nikalia mpaka machozi yakakauka. Alfajiri nilijikuta nimekaa mezani, nachonga penseli.