Bizimu la Vifundo Vitatu

Soko la Lincoln lilifurika watu Jumamosi hiyo. Tamsin Lacey alijipenyeza akiwa bado na sare ya posta: koti jekundu, kaptura, magoti yamemwiva kwa baridi ya Novemba. Watu wa makumbusho walikuwa wameweka meza jirani na muuza jibini, ili aliyeokota kitu cha kale akilete. Nyuma ya meza alikaa mwanamume mrefu, sweta lake limetoboka kiwikoni.

"Dada, hiyo kaptura ni adhabu au mapenzi?"

"Ni miguu yangu, kaka. Wewe tazama hiki."

Akafungua leso. Mwanamume yule, Corin Blythe, akaliinamia. Lilikuwa bizimu la shaba, limepinda kama upinde, lina vifundo vitatu mfano wa vitunguu.

"Umelipata wapi?"

"Shamba la shayiri la Bi Audrey, kule kilimani. Mwenyewe ameniruhusu kupita na mashine yangu ya kusaka vyuma."

"Hili lilifunga joho begani kwa mkubwa fulani wa Warumi. Vitunguu vikinenepa hivi, na mguu wake huu ulionyooka chini ukawa mrefu kuliko upinde, hiyo ni karne ya nne, tena mwishoni."

"Umejuaje, wakati halijaandikwa mwaka?"

"Mitindo, dada. Hata kaptura yako ina umri wake."

Tamsin alicheka mpaka muuza jibini akageuka. Bizimu likabaki makumbusho kuandikishwa, wakapeana namba, na kuanzia hapo simu hazikukatika.

"Uko wapi, laazizi?"

"Kwenye geti la watu. Mbwa ananitolea macho."

"Mwambie una mwenyewe."

Bwana Garside, mwenyekiti wa chama cha wasaka vitu vya kale, ndiye aliyetia mchanga kwenye pilau. Alitangaza kwenye baa kwamba kilima kile hakikukaliwa na Mrumi hata mmoja. Yule mama barua amelinunua bizimu mtandaoni ili amnase bwana wa makumbusho. Maneno yakaenea mji mzima. Wiki ile ile Tamsin akafungua kumbukumbu za makumbusho mtandaoni, akasoma: *Mahali lilipopatikana hapajathibitishwa.* Aliyeandika ni Corin.

Akapiga simu papo hapo.

"Hapajathibitishwa? Si nilikupeleka mpaka kwenye shimo!"

"Tamsin, watu wanajua tuko pamoja. Watasema nakupendelea."

"Kwa hiyo ili wewe uwe safi, mimi niwe mwongo?"

"Sikusema hivyo, mpenzi..."

"Mpenzi wako hajathibitishwa." Akakata.

Mama yake alimsihi ayaache yapite. Tamsin alikataa katakata. Aliandikia makumbusho barua, akaipeleka kwa mkono wake: bizimu la dukani husuguliwa, hili hajalisugua. Wachunguze udongo ulioganda kwenye bawaba, waulinganishe na wa shambani.

Mkutano wa chama ulipofika, mchana wa Jumamosi, aliingia na gauni la kijani na midomo myekundu, akaketi mstari wa mbele peke yake.

"Bibi amekuja kuomba radhi?" Garside akauliza.

"Nimekuja kuzipokea."

Ukumbi ukaguna. Hapo Corin akainuka kutoka nyuma, karatasi mkononi.

"Nimeutazama udongo kwa hadubini siku tatu. Ni ule ule mwekundu wa kilimani, na kutu ya pini imeushika, haiwezi kubandikwa na mtu. Bizimu limetoka pale. Na ule mstari niliuandika kwa woga. Nilimjua mkweli nikamwacha atukanwe. Leo nimeufuta."

Garside alikohoa, akasema mambo ya udongo yana wataalamu wake. Hakuna aliyemsikiliza.

Nje, Corin alimkimbilia Tamsin.

"Nisamehe."

"Umenitukanisha mji mzima, Corin."

"Najua. Na bado nakupenda."

Tamsin alipiga hatua mbili za kuondoka, akageuka.

"Kesho saa saba njoo ule kwetu. Mama atakuchambua kama mchele."

"Nitakuja."

"Usipite vichochoroni. Pita barabara kuu, watu wakuone unakwenda kwa nani."

Jumapili, kengele za kanisa zikilia, Corin alipanda na maua mkononi, katikati ya barabara. Tamsin hakumngoja mlangoni. Alishuka kumlaki, akamshika mkono, wakapita mbele ya baa ya akina Garside taratibu, kama watu wasio na haraka wala deni la mtu.