Breki Mpya za Bi Mkubwa

"Bi mkubwa kaamka vizuri leo," mume wangu aliniambia kwenye simu asubuhi ile. "Nimewasha mara moja tu, kawaka."

"Usimwamini. Mwanamke mgomvi akipoa ghafla, ana lake."

Alicheka. Nyuma yake nilisikia mvua kwenye bati na injini ikinguruma.

"Vaa, nakuja kukuchukua. Leo tunapiga picha wote watatu."

"Paa linavuja. Nitafika nimelowa."

"Nimelitia gundi."

"Wiki iliyopita pia ulilitia gundi."

"Bi mdogo, wivu utakuzeesha!"

Akakata simu. Nikavaa gauni la bluu, nikakaa kwenye ngazi za nyumba tuliyopanga, mkoba mapajani. Mvua ikaacha, ikaanza tena. Hakuja.

Bi mkubwa lilikuwa gari lake la michezo, jekundu, la viti viwili, kuukuu kuliko ndoa yetu. Alilinunua kabla hajanijua, ndiyo maana likawa bi mkubwa na mimi bi mdogo. Taa zake za mbele zilikuwa zinainuka kama macho, ila moja iligoma, hivyo lilikuwa likikonyeza watu barabarani. Kioo cha upande wangu kilishuka chenyewe. Spea ikiagizwa, inakuja ya gari jingine. Mume wangu alikuwa fundi friji. Watu walimpigia simu siku za mapumziko, naye anawajibu akiwa chali chini ya gari, grisi hadi masikioni.

Kwetu hakukuwa na maegesho, kwa hiyo lililala uani kwa mama mkwe, kule juu mlimani, mteremko unapoanzia getini. Mdogo wa mume wangu, shemeji yangu, aliishi hapo na alikuwa fundi magari. Walilitengeneza pamoja miaka yote, mpaka siku waliyogombana kuhusu breki.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimeshika tochi.

"Kaka, masta ya breki imekufa. Sigusi kitu kingine mpaka tubadilishe hii."

"Mbona zinashika?"

"Zinashika ukipampu mara tatu! Breki gani hiyo, pampu ya baiskeli?"

"Mbili za kwanza namwamsha, ya tatu namsimamia kwa mguu mzima. Anasimama. Mimi na yeye tunaelewana."

"Siku moja atakuua."

"Mdomo wako mchafu. Kama hutaki kumgusa, usimguse!"

"Simgusi!"

Toka siku ile hawakusemezana. Mmoja akitaka chumvi, mwenzake anakupa wewe umpe, wakati wamekaa bega kwa bega. Mama mkwe alisema wamerudi utotoni. Mimi nilicheka. Lakini kila mume wangu alipokuwa akiniendesha, nilikuwa nikiutazama mguu wake wa kulia. Moja, mbili, halafu mara ya tatu anaukandamiza kwa uzito wake wote mpaka kiti kinalia. Mguu ulishajifunza. Hata akiendesha gari la kazini, alikuwa akikanyaga hivyo hivyo, wenzake wanagonga vichwa mbele.

Asubuhi ile ya mvua, aliyenipigia simu baadaye alikuwa mama mkwe.

"Mwanangu, uko na mtu hapo?"

"Niko peke yangu, mama."

"Kaa chini."

"Nimekaa, mama. Namsubiri."

Nilimsikia akipumua.

Gari lilikuwa limeteleza mteremko mzima na kugonga ukuta wa daraja, upande wake. Upande wangu haukuwa hata na mkwaruzo.

Baada ya mazishi nilikuwa bado nalala kwa mama mkwe. Siku moja akaja mkaguzi wa magari, akasimama uani na kofia mkononi.

"Mama, gari ni la zamani, lakini breki ni mpya kabisa. Nani aliziweka?"

"Mpya?" Mama mkwe akashangaa. "Mwanangu hakuwahi kuweka breki mpya."

"Kuna mtu aliweka. Tena majuzi."

Mkaguzi alipoondoka, mama mkwe alinigeukia. Sijawahi kuyaona macho yale.

"Wewe ulikuwa ukiliita mke mwenza."

"Mama, ulikuwa utani. Yeye ndiye aliyeuanza."

"Ulisema utamtafutia mtu amwue bi mkubwa. Ulisema hapa, tunakula."

"Nilicheka, mama. Hata wewe ulicheka."

"Kikulacho ki nguoni mwako. Umeleta mtu akalichezea gari la mwanangu! Kusanya nguo zako."

Nikaingia ndani, nikaanza kukunja. Mume ameondoka, sasa na mama namkosa. Gauni la bluu lilikuwa mkononi niliposikia sauti ya shemeji mlangoni.

"Mama, mwache. Ni mimi."

"Wewe ni nini?"

"Mimi ndiye niliyebadilisha breki. Siku moja kabla ya ajali, ulipokwenda sokoni. Nilitaka mguu wake umwambie. Mdomo ulinishinda kuomba msamaha, nikasema acha mikono iombe."

"Sasa breki nzima inauaje mtu?"

"Alizoea mbovu, mama. Mteremko huo, mvua, na yeye kasimamia kwa nguvu zote. Mpya hazitaki hivyo. Matairi yalijifunga mara moja, gari likaenda lenyewe kama sabuni. Nilipaswa kumwambia neno moja tu. Nilitaka ashtuke kwa furaha."

"Na ukakaa kimya mpaka namfukuza mke wa kaka yako?"

Alinipa simu yake. Usiku wa kuamkia siku ile walikuwa wameandikiana.

*Kesho ukikanyaga utajua kama nakupenda kaka.*

*Nikanyage nini? Umeanza mafumbo. Hata hivyo yameisha mdogo wangu.*

*Utaona.*

Nilisoma mara nyingi. Neno la mwisho lilikuwa la shemeji. Lakini lile la kabla yake lilikuwa la mume wangu, na lilikuwa limeshasamehe.

"Shemeji," nikamwambia, "alisema yameisha."

"Alisema kabla."

"Alisema. Mimi sina la kuongeza."

Akakaa sakafuni, akalia kwa sauti. Mama mkwe alisimama kati yetu, kisha akaja kitandani, akachukua zile nguo nilizokunja, akaanza kuzirudisha kabatini moja moja.

"Nisamehe, mwanangu," alisema akiwa amenipa mgongo. "Nilitafuta wa kumlaumu, na wewe ndiye uliyekuwa karibu."

Sikurudi kwenye ile nyumba ya kupanga. Naishi kwa mama mkwe, chumba cha nyuma. Asubuhi shemeji hunisindikiza mpaka kazini kwangu, duka la mapazia, kisha anakwenda gereji. Tunatembea kwa miguu.