Kengele ya Timutimu

Timutimu alikuwa mbuzi mdogo. Shingo yake ilikuwa nyembamba, lakini tamaa yake ilikuwa nene.

Aliishi kwa Mama Namsifu, kwenye boma la wanyama waliookolewa.

Kwanza aliokolewa Babu Shehena, punda mzee. Alivuta mikokoteni miaka mingi, na sasa macho yake hayaoni.

Kisha akaokolewa bata Batuli, aliyesahauliwa sokoni ndani ya tenga.

Mwisho akaja Timutimu, aliyedondoka kutoka kwenye lori. Mama Namsifu akamvika kengele shingoni.

"Wewe ndiwe macho ya babu yako," alimwambia.

Timutimu alitangulia. Ling'i, ling'i, ling'i!
Babu Shehena alifuata. Kwata, kwata, kwata!

"Upo, mjukuu wangu?"
"Nipo, babu!"

Lakini kengele haikujua kutunza siri. Kila Timutimu aliponyemelea ghala la ndizi, ililia: Ling'i!

"Nakusikia, mwizi mwenye ndevu!" aliita Mama Namsifu.

Asubuhi moja, Timutimu alimwendea Batuli.

"Dada Batuli, shingo yako ni nzuri. Imekosa kitu kimoja tu."
"Kitu gani?"
"Pambo!"

Timutimu akainamisha kichwa. Batuli akaivuta kamba kwa mdomo. Kengele ikatoka shingo hii, ikaingia shingo ile.

"Nimependeza?"
"Kama bibi harusi!"

Timutimu akaenda ghalani. Nyatu, nyatu, nyatu. Hakuna aliyemsikia. Akala ndizi, akala tena.

Batuli naye akaenda bwawani kuogelea. Ling'i, ling'i, ling'i!
Nyuma yake, je? Kwata, kwata, kwata!

"Upo, mjukuu wangu?"
"Kwak!" alijibu Batuli.
"Loo! Leo una mafua," alisema Babu Shehena.

Akaendelea kufuata. Kwata, kwata... CHUBWI!

Maji yalimfika magotini. Batuli akaogelea mbele. Ling'i! Babu naye akasogea mbele. Maji yakamfika tumboni.

"Upo, mjukuu wangu?" aliita.

Timutimu alichungulia mlangoni, mdomo umejaa ndizi. Akaona kengele inakwenda kwenye kina kirefu. Akaona babu anaifuata.

Akiita, Mama Namsifu atamsikia. Asipoita, babu atazama.

Ptuu! Timutimu akatema ndizi zote.

"NIPO, BABUUU! Meee! Geuka! Njoo huku! Meee!"

Masikio ya Babu Shehena yakasimama. Akageuka. Akaifuata sauti, hatua kwa hatua, hadi akakanyaga nyasi kavu.

Mama Namsifu naye alifika mbio. Alimkuta Timutimu na ganda la ndizi juu ya pembe.

"Ndizi zangu ziko wapi?"
"Nyingine zimo tumboni, Mama. Nyingine nimezitema."

Mama Namsifu alitaka kununa. Akashindwa, akacheka. Akamfuta babu matope, kisha akairudisha kengele mahali pake.

"Nisamehe, babu," alisema Timutimu.
"Nimekusamehe. Lakini nina swali. Zilikuwa tamu?"
"Tamu mno!"
"Na hukuniletea hata ganda?"

Jua lilipoanza kuzama, Babu Shehena aling'oa nyasi. Akazishindilia ndani ya kengele. Kengele ikanyamaza kimya.

"Sasa utanifuataje, babu?"
Babu akaung'ata mkia mfupi wa Timutimu, taratibu.

Nyatu, nyatu, nyatu... KWATA, KWATA, KWATA!

"Babu! Nyata!"
"Ninanyata, mjukuu wangu!"

Dirishani, Mama Namsifu aliwasikia. Akatabasamu. Leo alikuwa ameweka chane nzima mlangoni pa ghala.

Baadaye wote walilala bandani, matumbo yamejaa, ubavu kwa ubavu.

"Upo, mjukuu wangu?"
"Nipo, babu."
"Kwak!" alisema Batuli gizani.
"Pole, mjukuu wangu," alisema babu. "Mafua hayo bado hayajapona."