Vifundo vya Mama

“Mashine ya huyo fundi haipiti juu ya kaburi la wifi yangu!”

“Shangazi, kesho greda linapita hapa. Nisipomhamisha mama, atalala chini ya barabara.”

“Basi alale! Wapagazi wangapi wamelala humo, wamelalamika?”

Shangazi Advera alitema mate, akaelekea kwenye bani lake la kukaushia tumbaku. Tangu mama afariki, miaka miwili sasa, niliacha shule nikaishi kwake hapa Usoke.

Msalaba wa mama ulishaliwa na mchwa. Makaburi ya wapagazi wa misafara ya zamani yamejaa pale, hayana alama. Fundi Dionis, niliyemwita atafute sanduku la mama, alisukuma rada yake ya kuonyesha vilivyo chini ya ardhi, kigari chenye kioo kidogo. Kila penye kaburi, mstari kwenye kioo ulipinda kama upinde.

“Mpagazi,” alisema. “Mpagazi mwingine.”

Chini ya mninga alisimama.

“Dada, una uhakika ni hapa?”

“Nilitupa udongo kwa mkono huu.”

Alirudia mara tatu. Jua lilikuwa linazama.

“Shimo lipo,” alinong’ona. “Sanduku halipo.”

Ndipo nikasikia. Kutoka bani... kamba ikivutwa. Kwii... kwii... Mtu alikuwa anafunga tumbaku kwenye vijiti, na Shangazi nilishamwona akirudi nyumbani. Lakini Shangazi hajawahi kuweka kibarua, na kila msimu tumbaku yake humalizika kufungwa kabla ya mashamba mengine yote.

Dionis alipakia mashine yake kwenye pikipiki bila kuniaga.

Niliingia bani peke yangu. Giza. Harufu ya majani mabichi ilinikaba koo. Nikawasha tochi ya simu.

Vifundo vyote vilizungushwa kushoto.

Usoke nzima, ni mama tu aliyefunga hivyo. Alitumia mkono wa kushoto.

“Mama?”

Kamba ikanyamaza.

Nyuma ya majani, mtu alikohoa. Kikohozi kile kile cha wiki yake ya mwisho.

“Mama, twende nyumbani. Tafadhali...”

Nilipapasa. Nikashika mkono. Wa baridi, unanata utomvu wa tumbaku. Nikauvuta kwa nguvu zangu zote.

Ukanisukuma nje.

Sasa nimejifungia chumbani. Kiganja changu bado kinanata, nimekiosha mara tano. Nje, nyayo zimesimama. Shangazi anabisha taratibu, na sauti yake ni ya upole ambao sijawahi kuusikia.

“Stela, umemwita, ameacha kufunga. Toka, mwanangu, uje umalizie alipoishia.”