Swali la Nane

Chumba cha mbele cha nyumba ile kilikuwa sebule kwa jina tu. Kilikuwa na viti viwili, na vyote viwili vilikaliwa na vitambaa. Cherehani ilikuwa dirishani, kwenye mwanga. Mwenye cherehani walimwita Mama Futi, kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka shingoni. Alikwenda nayo sokoni. Siku moja alikwenda nayo hata msibani, mpaka mama mkwe wake akamnong'oneza aivue.

Mama mkwe huyo, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alikaa kwenye mkeka karibu na cherehani. Kazi yake ilikuwa kufumua nyuzi za nguo zilizoletwa kurekebishwa. Macho yake yalikuwa bado mazima, na ulimi wake mzima zaidi. Mume wa Mama Futi alikuwa fundi wa kupaka nyumba rangi. Jioni alirudi na rangi masikioni. Kwa rangi hiyo mke wake alijua ameshinda wapi.

Walipendana watu hawa, na kila aliyeingia mle ndani aliona. Lakini palikuwa na jambo moja lililomkaa Mama Futi moyoni kwa miaka mitatu.

Miaka mitatu nyuma, mdadisi wa serikali alifika na fomu ndefu. Ulikuwa utafiti wa mapato na matumizi ya kaya. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Mdadisi alikaa mlangoni na baba mwenye nyumba. Ndani, Mama Futi alikuwa akishona sare za shule, na mashine ilikuwa ikinguruma. Mdadisi akashindwa kusikia. Kwa adabu zote, akaomba huyo anayeshona asimamishe mashine kidogo, ili aweze kuuliza ni nani humu ndani anayefanya kazi.

Mama Futi akasimamisha mashine. Akamsikia mume wake akijibu kwamba anayefanya kazi ni yeye.

"Na mama?" mdadisi aliuliza.

"Mama yupo tu nyumbani."

Mdadisi akaandika: hana kazi. Mama Futi aliyaona maneno hayo kwa macho yake alipowapelekea maji ya kunywa. Pini zilikuwa bado zimechomekwa kifuani mwa gauni lake.

Bati la nyumba ile lilikuwa limenunuliwa kwa kazi ya cherehani, shati na sketi, sketi na shati, na mume alilijua hilo. Mama Futi alinyamaza, ila wiki nzima mume wake alikula chakula kisicho na chumvi bila kujua kosa lake.

Sasa mwaka huu fundi rangi alipata kazi ya kupaka ukuta wa ofisi ya mtaa. Mezani pale alikuta rundo la karatasi. Karani alimwambia achukue moja, ni bure. Akaikunja, akaja nayo nyumbani ikiwa na alama ya kidole cha rangi nyeupe. Juu iliandikwa: "Rasimu ya Dodoso la Mapato na Matumizi ya Kaya. Wananchi wanaalikwa kutoa maoni kabla ya mwisho wa mwezi."

Jumapili baada ya chakula, alivaa miwani yake.

"Serikali imetuletea fomu," alisema. "Tuijaze vizuri, tusije tukaonekana watu wa ovyo."

Kosa lilianzia hapo. Hakuna aliyeuliza neno rasimu lina maana gani. Hakuna aliyeuliza maoni yanatakiwa juu ya nini. Waliona maswali, wakaanza kujibu. Waliandika vyumba, wakaandika kodi ya jengo, wakaandika sabuni na mafuta ya taa. Walipofika kwenye akiba, mume aliangalia juu. Mke naye aliangalia juu. Bibi alisema yeye hana kitu, kisha akausogeza mto wake karibu. Wakaandika "hakuna", wote watatu wakiona haya kidogo, wakaendelea.

Wakafika swali la nane. "Je, mwenzi wa mkuu wa kaya ameajiriwa? Ndiyo au hapana."

"Wewe umeajiriwa na nani?" mume aliuliza. Aliuliza kwa nia njema kabisa.

"Sijaajiriwa na mtu."

"Basi hapana." Akatia alama.

Mama Futi aliinuka, akarudi kwenye cherehani ingawa ilikuwa Jumapili. Alishona mshono mmoja, ukaenda upande. Bibi aliuona mshono ule, akamkazia mwanawe macho. Mwanawe hakuelewa chochote. Alikuwa ameshafika swali la tisa.

Kesho yake alikuja Dada wa maktaba. Huyu alifanya kazi kwenye maktaba ya umma, mitaa miwili kutoka pale, na boksi la maoni lilikuwa juu ya meza yake. Alikuja kujaribu gauni lake la kazini. Gauni lilikuwa limepigwa bandi tu, yaani limeshikizwa kwa nyuzi ndefu za muda, ambazo hutolewa baadaye. Kabla hata hajalivaa, Mama Futi alimpa ile fomu na kumwomba akaitie kwenye boksi.

Dada wa maktaba alitupa jicho kwenye ukurasa wa kwanza, akaikunja haraka.

"Mama Futi, hizi ni siri za nyumba yenu. Mmejibu maswali."

"Si ni fomu ya serikali?"

"Ni rasimu. Yaani bado haijakamilika. Wanataka maoni yako juu ya maswali yenyewe. Je, swali linaeleweka? Limemwacha mtu nje? Majibu ya nyumbani kwako utayatoa siku mdadisi akija na kitambulisho chake, na atakwenda kwenye nyumba zitakazochaguliwa tu. Majibu hayo ndiyo yatakayofichwa. Lakini barua za maoni zinasomwa na watu wengi, na nyingine zinabandikwa ukutani. Usiandike humo kipato chako."

Mama Futi alikuwa na pini midomoni. Alizitoa moja moja. Akasema yeye aliishia darasa la nne, na watu walioandika maswali yale wamekaa darasani mpaka wameota mvi. Atawasahihisha yeye kama nani?

Dada wa maktaba alivaa gauni, akainua mkono.

"Hapa kwapani pananibana," alisema.

Mama Futi akakata uzi, akaachia kitambaa kidogo, akachomeka pini. "Na sasa?"

"Sasa sawa. Umeona? Mimi sijui kushona hata kifungo. Lakini nimekwambia panabana, na umenisikiliza."

"Lazima nisikilize. Mwili ni wako. Ndiyo maana napiga bandi kwanza, kabla sijashona moja kwa moja."

"Na wao wamepiga bandi, Mama Futi. Wanakuuliza panabana wapi."

Mama Futi alikaa juu ya vitambaa, kwenye kiti.

"Swali la nane linanibana," alisema.

Akamweleza yote. Alimweleza mashine iliyosimamishwa, maji ya kunywa, na yale maneno mawili aliyoyaona kwenye fomu. Alijikaza kisabuni. Kwenye mkeka, Bibi aliacha kufumua nyuzi. Kumbe naye alikuwa hajui.

Dada wa maktaba alimweleza namna ya kutoa maoni. Ataje namba ya swali. Aeleze shida yake kwa maneno yake ya kila siku, kisha aseme yeye angeuliza vipi. Kama kuandika ni kazi, mtu anaweza kumwandikia, au apige simu kwa namba iliyo chini ya fomu. Jina si lazima. Lakini asichelewe, maana mwisho wa mwezi boksi linachukuliwa.

"Watakubali?" Mama Futi aliuliza.

"Hilo siwezi kukuahidi. Wanatakiwa wasome yote, na waeleze wamebadilisha nini. Ukinyamaza, swali litabaki lilivyo."

Jioni fundi rangi alirudi na nyeupe yake masikioni. Alikuta fomu yake haijapelekwa. Mke wake alimweleza kosa lao. Mume akacheka, akajigonga kipaji cha uso. Mke wake hakucheka.

"Siku ile ulimwambia mgeni kwamba mimi nipo tu," alisema.

Mume alihitaji muda kukumbuka. Alipokumbuka, aliangalia juu. Safari hii hakuwa akikwepa swali. Alikuwa akiliangalia bati.

"Nilidhani anauliza nani anatoka asubuhi na kurudi jioni," alisema. "Wewe hutoki, nikajibu hivyo. Nisamehe, mke wangu. Nimelala miaka yote chini ya bati lako, halafu nikasema upo tu."

Bibi akakohoa. "Ndiyo maana wiki ile tulikula bila chumvi," alisema. "Na mimi nilikuwa sijamkosea mtu."

Hapo Mama Futi akacheka mpaka futi ikamtoka shingoni.

Wakaandika maoni. Mume alishika kalamu, mke akasema maneno. Mara mbili mume alitaka kutia maneno makubwa ya ofisini, na mara mbili mke akamwambia afute. Mwisho ikawa hivi:

"Swali la nane linauliza kama mwenzi ameajiriwa. Mimi sijaajiriwa na mtu. Lakini nashona nguo nyumbani kila siku, na nguo hizo zinatulisha. Wako wengi kama mimi, wanaosuka nywele na wanaofua nguo za watu. Tukijibu hapana, mnaandika hatuna kazi. Ulizeni hivi: wiki iliyopita ulifanya kazi gani ya kukuingizia kipato, hata kama ni ndani ya nyumba yako? Na kila mtu mzima aulizwe mwenyewe."

Bibi akataka na yake iingie. Akasema mambo ya akiba kila mtu aulizwe peke yake, si mbele ya mwana na mkwe. Wote wakaangalia mto. Mume akaandika.

Mama Futi mwenyewe aliitia barua ile kwenye boksi, siku tisa kabla ya mwisho wa mwezi. Njiani alimpitia jirani yake msusi, ambaye husukia wateja barazani kwake. Alimsomea barua na kumweleza yote. Kesho yake msusi naye akapeleka yake.

Miezi ikapita. Siku moja Dada wa maktaba alikuja na habari. Ofisi ya takwimu ilikuwa imebandika taarifa: maoni yaliyopokelewa, yaliyokubaliwa, na yaliyokataliwa pamoja na sababu. Watu wengi walikuwa wameandika juu ya swali la nane. Lilikuwa limebadilishwa, na sasa kila mtu mzima angeulizwa mwenyewe habari za kazi yake. Ombi la Bibi halikukubaliwa lote, lakini mtu angeruhusiwa kuomba faragha kwenye maswali ya akiba. Bibi alisema hiyo inatosha.

Utafiti ulipoanza, nyumba ya Mama Futi haikuchaguliwa. Alisikitika kidogo, hakuficha. Iliyochaguliwa ilikuwa nyumba ya msusi.

Mdadisi wa safari hii alikuwa mama mwenye mkoba mkubwa. Alionyesha kitambulisho, akaketi barazani. Dirisha la Mama Futi lilitazama baraza hilo hilo. Pembeni ya dirisha, fundi rangi alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wao akisafisha brashi zake.

Mama Futi alisimamisha mashine bila kuombwa, asikie vizuri.

"Wiki iliyopita," mdadisi alisoma, "ulifanya kazi gani ya kukuingizia kipato, hata kama ni nyumbani kwako?"

"Nasuka nywele," jirani alijibu. "Wateja wanne wiki iliyopita. Mimi ni msusi."

Mdadisi akaandika: msusi.

Mama Futi alijifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha sare. Kisha akaweka mguu kwenye mashine, maana sketi zilikuwa zinasubiri. Mashine ikanguruma. Mdadisi akaacha kuandika, akamgeukia fundi rangi.

"Samahani, baba. Huyo anayeshona anaweza kusimamisha kidogo? Sisikii vizuri."

Fundi rangi aliweka brashi chini.

"Samahani na wewe, mama," alisema. "Huyo yuko kazini."

Mdadisi akacheka, akachukua kiti chake, akahamia upande wa pili wa baraza.