Shingo Iliyoongezeka

Fundi wa nguo huyu haamini kitu mpaka akipime. Wateja humwita Futi, naye hakasiriki.

Asubuhi moja alimpima mkewe ili amshonee blauzi. Akazungusha futi kamba shingoni. Akarudia. Shingo ilikuwa imeongezeka sentimita tatu kwa mwaka.

"Unakula nini nisichokijua?" akauliza.

"Nile nini, na hamu yenyewe sina?" mkewe akajibu. Alikuwa amevaa sweta, na jua linawaka. Siku hizi alisinzia hata akitia vifungo.

Futi alikuwa na mshukiwa wake: vidonge vya lithiamu. Mkewe alikuwa akivitumia tangu alipougua sonona, ile huzuni nzito iliyomfanya atamani kufa.

"Dawa gani inamnenepesha mtu asiyekula?" Futi aliwaza. Akavificha chini ya vitambaa, asimwambie mtu.

Siku ya pili mkewe alipekua kila droo. Kisha akamkazia macho mumewe. Futi akajifanya anatunga uzi sindanoni.

Hapo akaingia jirani yao, nesi, kuchukua sare yake. "Mbona mmenuniana?"

"Muulize huyo mwizi wa dawa."

Futi akatoboa. "Nimevificha! Vinamharibu mke wangu. Tazama shingo hiyo!"

"Shingo umeiona vizuri, shemeji," nesi akasema. "Lithiamu huweza kuvimbisha tezi ya shingo na kuilegeza. Tezi hiyo hutoa homoni zinazoupa mwili joto na nguvu. Zikipungua, mtu huchoka, huhisi baridi, hunenepa. Hilo linatibika. Lakini dawa ikikatizwa ghafla, sonona huweza kurudi kwa kishindo. Kuuliza si ujinga. Mbona hukuuliza?"

Futi alishikwa na hofu. "Kumbe ningemuua?"

"Twendeni kliniki sasa hivi."

Kliniki walimpima mkewe damu. Homoni za tezi zilikuwa chini. Daktari akamrudishia lithiamu kwa utaratibu, akamwongezea kidonge cha homoni hiyo. Damu ipimwe tena baada ya wiki sita, kisha mara kwa mara.

Wiki sita zilipofika, sweta lilikuwa kabatini, na mkewe alikuwa ameanza tena kuwafokea wateja wanaochelewa kuchukua nguo zao. Futi alimsindikiza kliniki.

"Leo unashuku nini?" mkewe akamuuliza njiani.

"Nashuku hujanisamehe."

"Hapo hukukosea." Akatembea hatua chache, kisha akamshika mkono. "Ukiwa na shaka tena, uniambie mimi kwanza. Mwili ni wangu."