Kilichoziba Choo cha Fundi Bomba

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Asubuhi hiyo manyunyu yalikuwa yamekatika, lakini mawingu bado yalikuwa mazito na nguo zilizoanikwa tangu jana zilikuwa hazijakauka. Kioo aliamka mapema kama kawaida yake, akachukua mswaki na taulo, akaingia bafuni na kutia komeo.

Kioo si jina alilopewa alipozaliwa. Nyumbani walimwita hivyo kwa sababu hakuweza kupita mbele ya kioo bila kusimama. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwepesi darasani, na alipenda sana usafi. Alipiga mswaki huku bomba la sinki likimwagika tu. Akaoga chini ya bomba la mvua akiimba, na hata alipokuwa akijipaka sabuni hakulifunga. Mwisho akatoa pakiti aliyokuwa ameificha nyuma ya ndoo. Ndani yake mlikuwa na vitambaa vya kufutia uso, vile laini vyenye unyevu na harufu nzuri. Alikuwa akiletewa na shangazi yake, ambaye alisafisha vyumba vya hoteli na kupewa vitu walivyoacha wageni.

Mama alikwisha kumwambia kwamba vitambaa hivyo vikitumika vitupwe kwenye pipa la taka nyuma ya nyumba. Lakini kwenda mpaka huko kila asubuhi kulimchosha, na tena Mama angeona jinsi anavyovimaliza. Choo kilikuwa karibu zaidi. Kila siku alivitumbukiza humo, akavuta maji, na kama kuna kilichobaki akavuta tena.

Leo maji hayakushuka. Yalipanda taratibu mpaka karibu na ukingo, yakatulia hapo.

"Wewe bibi harusi, toka!" Mama aligonga mlango. "Na wengine tuna miili ya kuoga."

Kioo alifungua mlango nusu. "Mama, choo kimeziba."

Mama alichungulia, akashika kiuno. "Leo? Siku ambayo bibi yako anatoka hospitali?"

Baba alikuja akiwa bado anatafuna mkate. Alikuwa fundi bomba, na mfuko wake wa vifaa ulikuwa tayari mlangoni.

"Mtaa mzima unakuita wewe, na kwako choo kinafurika," Mama alimwambia. "Majirani wakisikia, tumekwisha."

"Basi leo nimepata mteja asiyelipa," Baba alijibu. Alikunja mikono ya shati, akachovya fimbo ndani ya choo, akasukuma, akatikisa kichwa. Kisha akageuka, akaona kikombe kimoja cha mswaki hakipo kwenye sinki. "Chokochoko yuko wapi?"

Chokochoko alikuwa mdogo wake Kioo, na jina lake alilipata kwa haki. Alikuwa na miaka mitano tu, lakini alikwisha kujaza mawe kwenye tundu la ufunguo na kupenyeza kijiko ndani ya redio. Alifika akiwa amevaa kiatu kimoja.

"Kikombe chako cha mswaki kiko wapi?" Baba aliuliza.

"Hakipo hapa," Chokochoko alisema.

"Hilo naliona. Kimekwenda wapi? Kimeota miguu?"

Chokochoko alifikiri kidogo. "Kimekwenda kwa Bibi."

"Bibi yuko hospitali, mwanangu. Usinitungie hadithi." Baba alishusha pumzi. "Kikombe kimekwama kwenye shingo ya choo. Kitu kigumu hakisukumiki. Itabidi nivunje saruji, ning'oe choo chote, nikitoe, halafu nijenge upya."

"Na Bibi?" Mama aliuliza.

"Saruji ikiwa mbichi hakuna atakayekikalia. Mpaka kesho kutwa."

Wote walijua kwamba Bibi alikuwa amepasuliwa mguu, na daktari alikuwa amemkataza kabisa kuchuchumaa. Alihitaji choo cha kukaa, na hicho ndicho pekee walichokuwa nacho. Mama alichukua simu, akampigia Shangazi, ambaye alikuwa amekwenda kumchukua Bibi.

"Wifi, choo kimetuharibikia. Ndiyo, leo hii. Basi mkitoka hapo mpelekeni kwa baba mkubwa moja kwa moja. Najua ni mbali, lakini tutafanyaje? Akae huko mpaka mguu upone."

Kioo alisikia kila neno. Kitanda cha Bibi kilikuwa kimetandikwa chumbani kwa Kioo, karibu na dirisha. Juzi alikuwa amefua shuka mwenyewe na kupanga viti ili magongo yapate nafasi ya kupita. Kwenda kwa baba mkubwa kulikuwa ni safari ya siku nzima, na mguu wa mzee hauponi haraka.

Barazani Chokochoko alikuwa ameambiwa akae chini asinyanyuke. "Si mimi," alikuwa akilia. "Si mimi, Baba."

Kioo aliingia chumbani akapiga magoti. "Ee Mungu wangu," alinong'ona, "choo kizibuke chenyewe." Akanyamaza, akasikiliza. Kilichosikika ni sauti ya Baba akipekua mfuko wake kutafuta tindo na nyundo. Hapo Kioo akaona aibu. Alikuwa akimwomba Mungu jambo ambalo yeye mwenyewe angeweza kulifanya kwa kufungua mdomo. Akabadilisha maombi. "Nipe nguvu ya kusema," aliomba, akainuka mara moja kabla woga haujarudi.

Baba alikuwa amekwisha kuweka ncha ya tindo kwenye saruji.

"Baba, usipige."

"Kuna nini?"

"Si kikombe. Ni mimi. Ni vile vitambaa vya Shangazi. Navitupa humo."

Baba alibaki na nyundo mkononi. "Vingi?"

"Vingi. Kila asubuhi, na jioni pia."

Kioo alisubiri kugombezwa, lakini Baba aliweka nyundo chini. "Kama ni vitambaa, sivunji kitu," alisema. "Vitambaa havikai shingoni. Vinapita, vinakwenda kujisokota mbele, karibu na chemba, lile shimo la majitaka. Vaa glavu, twende nje. Umesema kwa wakati."

Nyuma ya nyumba Baba alifunua kifuniko cha chemba, akapenyeza waya mrefu wenye ndoano kwenye bomba linalotoka chooni. Alivuta, akavuta tena. Ikatoka kamba nene ya kijivu, imesokotana kama mkia wa mnyama, na harufu yake ilimfanya Kioo ageuze uso. Maji yakafuata kwa kishindo.

"Nilidhani vinayeyuka kama karatasi," Kioo alisema.

"Vina nyuzi za plastiki. Tazama, hiki bado kina maua yake." Baba alikinyanyua kwa ncha ya waya. "Chemba ikijaa hivi inafurika mtaroni. Mtaro unakwenda kijitoni, na kijitoni kuna watoto wenzako wanachota maji." Kisha akaligonga tangi la maji lililokuwa kando yao. Lililia kama ngoma tupu. "Na hili nililijaza jana jioni. Lilikuwa litutoshe mpaka kesho."

Kioo alikusanya vitambaa vyote kwenye ndoo chakavu, akavipeleka pipani mwenyewe.

Mama alikuwa amepiga simu tena. "Wifi, mmefika wapi? Njia panda? Mwambie dereva ageuze. Ndiyo, kimezibuka; vilikuwa vitambaa vya Kioo. Geuzeni, jamani, mleteni mama nyumbani."

Bibi alifika mchana, akitembea kwa magongo, Shangazi akimshika kiuno. "Shikamoo, Bibi," Kioo alisema.

"Marahaba, mke mwenzangu. Nasikia ulitaka kunifukuza."

Walipomfikisha kitandani, wakakuta kikombe cha plastiki kimewekwa juu ya kiti, nyuma ya pazia la dirisha, kimejaa maji.

"Cha Bibi cha kupigia mswaki," Chokochoko alisema. "Niliwaambia."

Baba alimbeba Chokochoko, akamwomba msamaha mbele ya wote. Kioo naye akamwomba mdogo wake msamaha. Kisha akaeleza kila kitu bila kupunguza, hata ile pakiti ya nyuma ya ndoo.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. "Kupenda usafi ni jambo jema, hata mimi naupenda," alisema. "Lakini ukijisafisha halafu uchafu wako ukamfikia mwenzako, hujaondoa uchafu, umeuhamisha tu. Mimi nimeoga kwa ndoo moja na kata maisha yangu yote, na hakuna aliyewahi kunikimbia. Leo ungenyamaza, mdogo wako angebeba kosa lako nami ningekuwa barabarani. Sasa sema utafanya nini. Sema kwa sauti, tusikie."

Shangazi, aliyekuwa ameinamisha kichwa, alisema hataleta tena pakiti zile. Kioo alisimama mbele ya kitanda, akawatazama mmoja mmoja.

"Mbele yenu nyote, na mbele ya Mungu, naahidi. Nitafunga bomba nikipiga mswaki. Nitaoga kwa ndoo. Maji ya kusuuzia nguo nitayaweka ya kumwaga chooni. Uso nitaufuta kwa kitambaa cha pamba, nikifue. Na nikikosea, nitasema kabla Baba hajashika tindo."